Kizungu ni Kirefu, Mama

Mama,

Ijumaa iliyopita nilisimama mbele ya ukumbi uliojaa wanafunzi nikawaambia jambo ambalo sijawahi kukuambia wewe. Tangu siku hiyo sijatulia. Haikufaa watu wasiokujua, wengine wamekuja pale kwa ajili ya soda tu, wapate habari zako kabla yako. Basi leo ni Jumapili, nimetoka kanisani, sijabadilisha hata nguo, nimeketi kwenye ile meza yako ya kupigia pasi na kalamu mkononi.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Najua sisi wawili tulizungumza Dholuo maisha yetu yote, na Kiswahili chako kilikuwa cha kazini, cha "sawa Madam" na "nguo bado mbichi." Lakini Dholuo niliyo nayo ni ya mdomo, kuiandika kunanishinda, na isitoshe Kiswahili ndicho ulichonipeleka chuo nikakisomee. Acha angalau uone kama nilikisoma.

Kwanza habari za hapa. Mwaka umepita tangu uondoke, na miezi minne juu yake. Bado naishi nyumba yetu ya Manyatta. Lango limepakwa rangi ya kijani, hujawahi kuona kijani kibaya kama hicho. Mama Brayo wa mlango wa pili alijifungua pacha, wote wasichana, na mmoja amepewa jina lako. Kule ziwani magugu yamerudi, yamefunika maji hadi jicho linapokoma, na maboti ya kutembeza wageni yamekwama katikati kama yameegeshwa shambani. Nilipita pale juzi nikajisemea, Mama akiona hii atasema ng'ombe wapelekwe wakale. Kisha nikakumbuka. Siku zangu zinakwenda hivyo, Mama. Naona kitu, nakitengeneza kidogo kichwani ili nikifika nyumbani nikusimulie, halafu nafika mlangoni nakuta kufuli.

Habari kubwa ni kwamba nina kazi. Si ya kibarua. Nimeandikwa, nina barua, nina kitambulisho cha kuvaa shingoni chenye picha yangu, na chini ya jina langu pameandikwa "Mkalimani." Siku niliyokabidhiwa niliingia choo cha wafanyakazi nikakitazama kwenye kioo, nikalia, nikaosha uso, nikatoka. Sikuwa na mtu wa kumpigia. Nilikuwa na watu wengi wa kuwapigia, ila si wewe.

Unakumbuka barua ya chuo ilipokuja? Digrii ya Sanaa, Isimu na Kiswahili. Uliipeleka Milimani ndani ya pochi yako, ukamwonyesha Madam uliyekuwa ukimfulia na kumpigia pasi. Aliisoma, akavua miwani, akakuuliza, "Anaenda kusoma Kiswahili? Kwani huko kwenu mnaongea nini?" Uliporudi ulinisimulia huku ukicheka, lakini jioni ile hukula. Wiki iliyofuata baba mdogo akaja kutoka Muhoroni, vumbi la miwa bado liko viatuni, amekuja makusudi kunizuia.

"Afanye uhasibu," akasema. "Nitamtafutia nafasi huko kiwandani kwetu. Lugha ni kitu gani? Lugha hata kasuku anayo."

Ulikuwa unachambua mboga. Hukuinua kichwa. Ulisema, "Mimi nimepiga pasi nguo za watu miaka kumi na tisa. Sijawahi kuamka hata siku moja nikaitamani pasi. Huyu anaamka akitamani kitabu. Mwacheni."

Baba mdogo akarudi Muhoroni. Nikaenda chuo.

Sitakudanganya kwamba baada ya hapo njia ilinyooka, uliyaona mwenyewe. Nilivaa joho, ukapiga vigelegele hadi watu wakageuka, tukapiga picha pale penye maua, kisha nikakaa nyumbani miaka miwili na nusu. Shule hazikunichukua kwa sababu sikusomea ualimu. Ofisi zilinipokea, zikanipa kiti, zikaniuliza swali moja kila mahali kwa maneno tofauti. Kuna bwana mmoja alifungua faili yangu, akageuza kurasa, akasema, "Na mbali na Kiswahili, unajua nini?" Nikasema najua kusikiliza. Alicheka kwa adabu, akaniambia watanipigia.

Nikaishia kwenye saiba ya Kondele, kibanda cha kompyuta na uchapishaji, nikiwaandikia watu wasifu wa marehemu wao. Mjane anakuja, anaketi kwenye kiti cha plastiki, anasimulia kwa Dholuo, mimi naandika Kizungu upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, unachapishwa, unapelekwa matangani. Kazi hiyo niliijua vizuri. Mzee mmoja alisema, "Huyu msichana anaandika mpaka unamwona marehemu akiingia." Wewe uliibeba sentensi hiyo hadi Milimani ukamwambia Madam. Ulikuwa ukiniambia, "Nyathina, mwanangu, hii nayo ni kazi." Mimi niliona aibu. Nikimwona mwenzangu wa chuo upande ule, nilivuka barabara.

Halafu tumbo lako likaanza.

Nitaandika polepole hapa.

Ulipolazwa, nilikuwa mimi tu. Mama mkubwa, dada yako, alikuwa Sondu na mguu wake mbaya, na nilimwambia kwa simu asijisumbue, unaendelea vizuri. Wodi ya wanawake ilijaa. Kwenye kitanda cha upande wako wa kulia alilala mama mmoja kutoka visiwani, jina lake silitaji, kazi imenifunza hivyo. Alikuwa na uvimbe na alikataa upasuaji siku nne mfululizo. Madaktari wanakuja, wanaongea, yeye anageukia ukutani. Walikuwa wameshaanza kumwita mkaidi.

Siku ya tano ulimuuliza tu, kwa Dholuo, mwanamke kwa mwanamke, kwa nini anakataa. Akakwambia, "Wamesema watatoa tumbo. Mtu bila tumbo anaweka chakula wapi?"

Ulinigusa kwa kiwiko. Nilikuwa na kijiko cha uji mkononi. "Nenda ukamwambie," ukasema. Nikakwambia si kazi yangu, wana watu wao. Ukasema, "Watu wao ndio wametoa tumbo. Wewe si umesomea? Nenda."

Nikaenda. Nikamfuata Sista Rose, yule muuguzi mkuu mwenye sauti nzito, nikamweleza. Ikabainika aliyemtafsiria siku ya kwanza alikuwa mfanyakazi aliyekuwa akipita na ndoo, aliyeombwa msaada kwa haraka, naye alisema alivyoelewa. Daktari akarudi. Nikasimama kati yao. Daktari akasema sentensi moja, nikaisema. Mama akauliza, nikauliza. Tutafungua tumbo, tutatoa uvimbe, tumbo litabaki lako, tutalifunga. Mama yule alicheka, Mama, unakumbuka? Alicheka huku machozi yanatoka, akasema, "Mngesema hivyo tangu Jumatatu." Akatia sahihi kwa kidole gumba.

Wewe ulikuwa umeketi kitandani ukitazama kama mtu anayetazama mechi ambayo mtoto wake anacheza. Uliwaambia wodi nzima, "Huyo ni wangu. Alisomea hiyo."

Baada ya hapo Sista Rose akawa ananiita. Kitanda cha nane, kitanda cha kumi na mbili. Nikawa namaliza kukulisha natoka, narudi. Nilikuwa na furaha, nakiri. Wewe ulikuwa unaisha mbele yangu na mimi nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata kwenye saiba.

Kisha ikafika siku ya majibu ya vipimo vyako.

Daktari alikuwa yule kijana mpole, mgeni wa huku, hajui Dholuo hata salamu. Alivuta kiti, akaketi, na mimi nikajua, maana madaktari wenye habari njema huongea wamesimama. Aliongea Kizungu, polepole, akikutazama wewe badala ya kunitazama mimi, ndivyo inavyotakiwa. Alimaliza. Akaniangalia ili nikwambie.

Nikakwambia, "Daktari anasema tumbo lina kidonda. Watakupa dawa. Upumzike."

Ulinitazama. Ukasema, "Yeye ameongea kirefu. Wewe umeongea kifupi."

Nikasema, "Kizungu ni kirefu, Mama."

Ndilo jambo nililowaambia wale wanafunzi.

Sasa nakwambia alichosema daktari, chote, jinsi nilivyopaswa kukisema siku ile. Alisema, "Mama, ugonjwa ulianza kwenye kongosho na sasa umeingia kwenye ini. Hatuwezi kuutoa kwa upasuaji. Dawa nitakazokupa ni za kupunguza maumivu, si za kuponya, na nitahakikisha huumwi sana. Sijui una muda gani. Nadhani ni wiki, si miezi. Kama kuna mahali ungependa kuwa, au mtu ungependa kumwona, wakati ni huu. Nasikitika sana. Una swali lolote?"

Hakuishia kwenye habari. Alikuuliza kama una swali. Hata swali hilo nililimeza.

Siku tatu baadaye ulisema, "Nipeleke Sondu nikakae kidogo kwa dada." Nikasema, tukimaliza dawa. Wiki iliyofuata ulisema tena. Nikasema, daktari hajaruhusu. Daktari alikuwa ameruhusu tangu siku ya kwanza. Mara ya tatu hukusema, uliuliza tu kama Sondu mvua imenyesha. Ukafa wiki ile, asubuhi, nikiwa nimekwenda kuchota maji ya moto ya kukuogeshea.

Sijui kama ulijua. Nimejiuliza hilo kila siku, nikipiga mswaki, nikisubiri foleni. Kuna siku nasema ulijua, ukaamua kunibeba kama ulivyozoea. Kuna siku nasema hukujua, ulikuwa ukingoja upone uende. Sina wa kunijibu. Wasifu wako niliuandika mwenyewe. Niliandika kwamba uliugua kwa muda mfupi ukavumilia kwa ushujaa, ile sentensi niliyokuwa nikiwaandikia wote. Watu walisifu. Kasisi aliomba nakala mbili.

Miezi miwili baada ya kukuzika, Sista Rose alinipigia. Hospitali ilikuwa imepata mradi wa kuajiri wakalimani, na waliotakiwa ni watu wenye digrii ya lugha. Alisema, "Nimekaa kwenye kikao wakasema hawa tutawapata wapi. Nikawaambia mimi namjua mmoja." Nilikwenda kwenye mahojiano nimevaa blauzi yako ya rangi ya maziwa. Mama mmoja kwenye jopo aliniuliza, "Familia ikikuomba upunguze makali ya maneno ya daktari, utafanyaje?" Wengine waliokuwa pale nje walikuwa wamekariri jibu. Mimi nililiacha jibu hilo. Nikasema, "Sitapunguza. Nimeshawahi kupunguza." Hawakuuliza zaidi. Waliniandika.

Mwezi wa kwanza tu ikanikuta. Mwanamume mmoja alinisimamisha kwenye korido, mtu mkubwa, suti nzuri, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Dadangu, tafadhali. Ukifika kwa mama, usimwambie hiyo ya mwisho. Itamuua." Nilimwelewa, Mama. Hakuna mtu kwenye jengo lile aliyemwelewa kuliko mimi. Nikamwambia, "Siwezi kuongeza, siwezi kupunguza. Lakini ninaweza kusema polepole, na wewe unaweza kumshika mkono." Nikaingia, nikasema yote. Bibi yule alisikiliza hadi mwisho. Akauliza maswali matano. Kisha akamwambia mwanawe amwite dada yake yeye bibi, ambaye hawakuwa wakisemezana, aje kabla ya Jumapili. Dada akaja. Niliwaona wameketi wote watatu kwenye nyasi, bibi amefungwa blanketi, wanakula ndizi.

Yule mwanamume hakunisalimia tena. Sikumlaumu. Nilikwenda kwenye stoo ya shuka nikakaa huko, nikifikiria nyasi za Sondu.

Sasa nije kwenye hiyo Ijumaa. Chuo chetu kilialika watu waliosomea sanaa waje waongee na wanafunzi kuhusu kazi. Mwalimu wangu wa ukalimani ndiye aliyenipigia. Nilijiandaa, nikaandika orodha nzuri. Nilikuwa niwaeleze kuhusu Zuhura, unamkumbuka, binti wa Kaloleni aliyekuwa akikuletea mahamri siku ya Idi, kwamba sasa anaandika ujumbe unaotumwa kwa simu za wakulima, wa mbolea na mvua, kwa Kiswahili na Dholuo, na wakulima humpigia kumwambia neno fulani si la huku. Kuhusu Wekesa aliyesomea historia, kwamba anapanga hati za zamani za mashamba, na watu waliogombana miaka mingi huja kumuuliza nani alikaa wapi. Redio, mahakama, wachapishaji wa vitabu. Niliviandika vyote.

Nikasema kidogo, kisha msichana mmoja wa mstari wa nyuma akasimama. Alikuwa na hasira, hasira ile ile niliyokuwa nayo mimi. "Madam, tuambiane ukweli. Hii digrii yetu iko na kazi ama tunajiliwaza? Hata hiyo kazi yako, si simu siku hizi inatafsiri?"

Ukumbi ukacheka. Wakapiga makofi. Nami nilikuwa na jibu, limeandikwa kabisa kwenye karatasi. Lakini nilimwangalia nikajikuta nasema, "Simu isingefanya nilichomfanyia mama yangu."

Nikawaambia. Kongosho, ini, kiti alichovuta daktari, Kizungu ni kirefu. Nikawaambia nilikuwa na digrii, nilikuwa na alama za juu kwenye somo la ukalimani, nilijua kwa lugha tatu kila neno alilosema daktari. Sikukosa neno. Nilikosa moyo wa kulisema, na mama yangu akakosa kwenda alikotaka. Nikamwambia yule msichana, "Ulichosomea ni maneno ya watu. Watu wataamua mambo makubwa kwa maneno utakayowapa. Kazi iko. Inachelewa kuonekana, na wakati mwingine utaivukia barabara kama mimi. Lakini usidhani ni ndogo." Hapo nikaketi. Mwalimu wangu akanipa maji.

Msichana yule alinifuata hadi getini. Hakusema lolote kuhusu kazi. Alisema, "Mama yangu ni mgonjwa, Madam. Nimekuwa nikimwambia atapona." Tuliketi kwenye ukuta mfupi pale nje kwa muda mrefu. Tulichoongea nitakiacha pale.

Usingizi haukunijia usiku ule, na kulipokucha Jumamosi nikaenda Sondu.

Mama mkubwa alikuwa sokoni kwenye kibanda chake, anapepeta wimbi. Amezeeka. Ana macho yako sasa, sikumbuki kama alikuwa nayo zamani. Alifurahi kuniona, akaanza kuita watu waje wamwone mtoto wa dada yake mwenye kazi hospitali. Nikamwomba aketi. Nikamwambia kwamba nilipokuwa nikimpigia simu kumwambia unaendelea vizuri, nilikuwa nikidanganya, na kwamba nilikudanganya na wewe.

Aliacha kupepeta. Kisha akasema, "Wewe si ndiye mkalimani? Basi nitafsirie na mimi. Daktari alisema nini? Yote."

Nikamwambia yote, kwa Dholuo, sentensi kwa sentensi, palepale kati ya magunia. Mikono yangu niliiweka magotini kama tunavyofundishwa. Nilipofika pale daktari aliposema kama kuna mtu angependa kumwona, mama mkubwa aliuweka ungo chini.

"Ningekuja," akasema. "Hata kwa mguu huu. Ningekuja."

Najua, nikasema.

"Hujui."

Watu wakapita, mmoja akauliza bei, hakujibiwa, akaenda. Ndipo mama mkubwa akasema, "Nimekasirika na wewe. Nitakasirika muda kidogo. Lakini hujala, na chakula kipo." Akafungua sufuria. Tukala kutoka sahani moja. Kuku, Mama. Na kuon, ugali wetu, na mboga za maziwa, zile zako. Nilipaliwa mara mbili, akanipiga mgongoni kama mtoto.

Halafu akaja mteja, mwanamke wa upande wa pili wa mto, na mama mkubwa akageuka akamsemesha kwa Kipsigis. Kilitoka tu, kama maji. Wakabishana, wakacheka, wakapimiana wimbi. Nikakumbuka kitu kilichoniuma mwezi uliopita. Waliletwa wagonjwa kutoka huko, na mmoja alikuwa mzee asiyejua Kiswahili wala Kizungu. Niliitwa. Nikasimama kando ya kitanda chake na kitambulisho changu shingoni, nikamwambia "Chamgei," salamu ya kwao, akainuka kwa furaha akanimwagia maneno, na mimi sikuwa na neno la pili. Furaha ilivyomtoka usoni. Akageukia ukutani. Ilichukua saa tatu kumpata mtu. Nikamsimulia mama mkubwa.

Akanitazama kwa mshangao. "Mama yako hakukufundisha?" Ndipo akaniambia kwamba mlipokuwa wasichana wewe ndiye uliyeitwa kila palipotokea mabishano hapo sokoni. Watu wa huku na watu wa kule wakishindwana, wanasema, mleteni yule mdogo. Unasimama katikati, unawasemea wote wawili, hakuna anayekushuku kwamba umempendelea mwenziwe. Ulikuwa na miaka kumi na mbili. Anasema siku moja ulimtafsiria mzee tusi zima alilotukanwa, neno kwa neno, hukuacha hata moja, na ulipoulizwa kwa nini, ukasema, "Si mimi niliyemtukana."

Nilicheka, Mama. Nilicheka hadi nikalia, na mama mkubwa akacheka, mara ya kwanza siku ile. Miaka yote hiyo tumelala chumba kimoja na hukuniambia. Ulikuwa ukinisikiliza nikisoma madaftari yangu ya ukalimani kwa sauti, unapiga pasi, umenyamaza. Natamani ungenikatiza. Natamani ungeweka pasi chini useme, subiri, hiyo naijua. Ningekuwa na maswali elfu. Nimechelewa kukuuliza, na wewe nilikuzuia kuuliza.

Basi nakuaga kwa leo, na ahadi zangu ni hizi. Kipsigis nitajifunza. Mama mkubwa amekubali kunifundisha kila Jumamosi nisipokuwa zamu, na jana nimeshika maneno tisa, saba kati yake nikiyatamka vibaya hadi majirani wakasogea kusikiliza. Mzee mwingine akiletwa, atanikuta. Na wala usiwe na wasiwasi kuhusu dada yako. Mguu wake nitampeleka kliniki mwenyewe, na atakachoambiwa atakisikia kama kilivyo.

Jumamosi ijayo nitakuwa huko mapema. Ameniagiza niende na omena wakavu, nisibebe haraka zangu za mjini, kwa sababu anataka nimweleze zile wiki zako za mwisho, siku moja baada ya nyingine. Ulikula nini. Ulicheka lini na nani. Ulilala upande gani. Nani alikufunga kitambaa kichwani. Nimemwambia itachukua siku nzima. Amesema siku anayo.

Oriti, Mama.

Mwanao,
Awuor